Baadhi Yetu

Wino wa mashine ya kurudufu ulikuwa umemfika Mwongeli hadi viwikoni. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa katika chumba cha nyuma cha shirika dogo la haki za wanawake, Kawangware, akizungusha mkono wa mashine na kutoa nakala za kijitabu cha kurasa nne kilichoitwa Mwanamke, Jua Haki Yako. Karatasi zilinata kwa unyevu, ikabidi azipepee moja moja kabla ya kuzipanga. Ilikuwa Julai, mwaka wa tisini na saba. Kwa wiki tatu Nairobi haikuwa imeona jua, na unga ulikuwa umepanda bei tena.

Alikuwa na miaka ishirini na tano. Alimaliza chuo kikuu miaka miwili kabla, akapeleka maombi ya kazi kila ofisi ya mjini ambayo askari wa mlangoni alimruhusu kuingia, kisha akachukua nafasi hii ya kujitolea. Alipewa chakula cha mchana na kitu cha kulipia chumba. Wazazi wake kule Machakos waliwaambia majirani kwamba binti yao anafanya kazi ya serikali. Yeye hakuona aibu, kazi aliipenda. Kila Jumanne na Alhamisi alienda Kibera kwa miguu, kwenye kanisa la mabati la Sarang'ombe, kukaa na wanawake kumi na mmoja waliouza makaa na mboga kandokando ya njia ya Silanga. Walimwita mwalimu, ingawa wengi wao wangeweza kumzaa.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, lakini Mukai hakungoja aende. Alitokea mlangoni mwa shirika mnamo saa nne, leso imelowa manyunyu, viatu vya plastiki vimejaa tope jekundu. Alikuwa muuza nyanya wa makamo, mtu wa Kitui, mwenye sauti ya chini. Watu walimwita Mama Alvin.

"Mwalimu, ile barua imerudi," alisema.

"Imerudi wapi?"

"Kwa naibu chifu. Iko kwa meza yake."

Mwongeli aliacha kuzungusha mashine. Barua ile waliipeleka katikati ya Juni kwenye ofisi kubwa ya serikali mjini, ngazi mbili juu ya naibu chifu, ili naibu chifu asiione. Ilimlalamikia karani wake, kijana mmoja aitwaye Muli. Hakuna mwanamke aliyeweza kuuza kitu kandokando ya ile njia bila kibali, na kibali kilikuwa mkononi mwa Muli. Ukienda kukichukua anakwambia muhuri haupo, rudi kesho. Ukirudi anakwambia umfuate kwenye chumba cha nyuma mkaongee.

"Wameisoma?"

"Wamewasomea mabwana zetu." Mukai alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Jumapili, watu wakitoka kanisa. Aliita wanaume wote kumi na mmoja kwa ofisi. Akasema, wake zenu wameandika mambo, skizeni. Akasoma yote. Akarudia pale."

Hakuhitaji kusema pale ni wapi. Mwongeli aliijua ile sentensi kwa moyo. Aliiandika mwenyewe, akaifuta mara tatu kabla ya kuridhika nayo: Baadhi yetu tumelazimika kukubali, ili watoto wetu wapate kula. Alipoisoma mbele ya wanawake kanisani walinyamaza kwa muda, na yeye aliona fahari, fahari ile ya mwanafunzi aliyepata alama nzuri.

Baadhi yetu. Na chini yake majina kumi na moja.

"Sasa kila mwanaume anajua ni wake," Mukai alisema. "Wangu ni mzee, ameninunia tu. Mwingine amepigwa mpaka sikio haliskii. Mama Whitney anarudishwa ushago leo, kijijini kwao ziwani. Na jana asubuhi askari walibeba meza zetu zote."

Mama Whitney alikuwa Seline, muuza makaa. Mwongeli aliketi.

Mildred, aliyesimamia shirika, alikuwa amekuja kusimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa mwanamke mwema, aliyekwisha kuona mashirika mawili yakifutwa kwa barua ya mstari mmoja. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Jina letu halimo?"

"Halimo," Mwongeli alijibu.

"Sawa." Aliuona uso wa Mwongeli, akaongeza kwa upole, "Nenda uwaone. Lakini uende kama wewe, si kama shirika. Wiki hii na haya maandamano ya kudai katiba mjini, serikali inatafuta mtu wa kukamata."

Walitembea na Mukai hadi Dagoretti Corner, wakaifuata Ngong Road hadi Soko la Toi, wakaingia Makina na kushuka kuelekea Silanga. Njiani Mwongeli alikumbuka jioni ya kutia sahihi. Mukai ndiye aliyeuliza kama hawangeweza kuandika tu akina mama wa Silanga, ikatosha. Yeye akawaeleza kwamba barua isiyo na majina hutupwa, kwamba majina ndiyo uzito. Wakaandika, wengine kwa herufi kubwa za shule ya msingi, wawili kwa dole gumba. Kisha Seline akageuka akimcheka. "Na wewe mwalimu, unaandika wapi?"

Aliwaambia sauti lazima iwe yao wenyewe. Ndivyo walivyofundishwa kwenye semina, na aliamini. Pia Mildred alikuwa amemwambia asitie sahihi. Hilo hakuwaambia.

Ofisi ya naibu chifu ilikuwa chumba cha mabati kilichopakwa rangi ya maziwa, na picha ya Rais ukutani. Mukai alibaki nje chini ya paa. Naibu chifu aliitwa Simeon. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sweta ya kufumwa na miwani, na alimwonyesha Mwongeli kiti kama mwalimu mkuu anayempokea mzazi.

"Msichana wa Kawangware," alisema. "Keti."

"Nimekuja kwa sababu ya barua. Ni mimi niliiandika."

"Najua. Hawa mama hawawezi kuandika hivi. Hii Kiswahili ni ya chuo."

"Basi weka jina langu. Ukitaka kuita mtu, niite mimi."

Simeon alivua miwani akaipangusa kwa pindo la sweta. "Wewe hukai hapa. Kibanda huna hapa, bwana huna hapa. Nikikuita, nitakufanya nini?"

"Uliwaita waume zao. Barua haikuwa yao."

"Ilikuwa na majina ya wake zao. Mwanaume hana haki ya kujua mambo ya nyumba yake? Si nyinyi ndio mnafundisha haki?"

Mlango wa ndani ulifunguka, akatoka Muli na faili. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi vizuri. Hakuzidi miaka thelathini. Aliweka faili mezani, akamsalimu Mwongeli, "Sasa, madam," akarudi alikotoka na kufunga mlango.

Mwongeli alikuwa amejiandaa njia nzima kusema maneno makali. Yote yalikuwa yamepotea. Alitazama barua yake juu ya meza, imetobolewa na kufungwa kwa uzi ndani ya faili ya kijani, na muhuri wa ofisi ya mjini juu yake. Kando ya muhuri mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: Rudisha kwa mhusika ashughulikie.

"Mimi si mtu mbaya," Simeon alisema. "Sitaki akina mama walale njaa. Waandike barua ingine, fupi. Ya kwanza haikuwa yao, walidanganywa na mtu wa nje. Waweke majina yao tena. Wakileta leo, kesho asubuhi meza zinarudi."

"Na Muli?"

"Muli amefanya nini? Hiyo barua itakuwa inasema walidanganywa." Alivaa miwani. "Waambie wewe. Wanakuskiza."

Kufikia saa nane wanawake walikuwa wamekusanyika kanisani. Walikuwa kumi, Seline hakuwepo. Walikaa mbalimbali kwenye mabenchi, si kwa duara kama kawaida. Mmoja alikuwa amefunga leso kichwani hadi juu ya sikio. Mwongeli alisimama mbele yao, akawaambia maneno yote ya naibu chifu bila kupunguza. Kisha akasema, "Naomba mnisamehe. Sikujua barua ingerudi kwake."

Nje watu walikuwa wakipita, na kwa jirani redio ilikuwa ikitangaza vifo.

"Barua zote hurudi," Mukai alisema. Hakuwa na hasira. "Hata ile ya maji ilirudi, hata ile ya mashamba ya huku dam. Si ungetuuliza tu, tungekuambia."

Mwongeli alitaka kujibu. Kwa miezi saba alikuwa amewauliza maswali mengi wanawake hawa: umri wao walipoolewa, nani huamua mambo nyumbani, wanaielewaje haki. Majibu aliyaandika kwenye daftari. Lakini kama barua hurudi, hakuwahi kuwauliza.

"Tuandike hiyo anataka," alisema yule mwenye leso. "Nina watoto wanne."

"Mwalimu aandike," mwingine akasema. "Ile ya kwanza aliiandika poa."

Hawakuwa wakimdhihaki. Walitaka kazi iishe. Mwongeli alitoa karatasi na kalamu, akaketi kwenye benchi la mbele, na wao wakasogea, wakawa duara bila kukusudia. Walimwambia aandike kwamba barua ya mwezi wa sita haikuwa ya kweli na kwamba walidanganywa.

"Na nani?" aliuliza.

Walitazamana. "Andika mtu wa nje," Mukai alisema.

"Andikeni jina langu."

"Litakusaidia nini?"

"Nataka tu liwemo."

Mukai aliinua mabega. Mwongeli akaandika jina lake lote na mtaa anakokaa, kwa mwandiko wake uleule mzuri. Alijisikia nafuu kidogo, na papo hapo akaona aibu ya ile nafuu, kwa sababu haikumrudishia mtu yeyote kitu.

Alipofika mwisho, yule mwenye leso alisema, "Ngoja. Ongeza kitu."

"Nini?"

"Vibali vipeanwe kwa dirisha."

Wengine waligeuka kumtazama.

"Ile dirisha ya mbele," aliendelea, sauti yake ikiwa juu kidogo kwa kuwa sikio moja halikusikia. "Mtu asimame nje kwa laini, watu wakiona, apewe kibali yake aende. Si kumsema mtu. Ni kuomba tu dirisha."

Kulikuwa na minong'ono. Mwingine akasema ni kweli, hata dawa kliniki hutolewa kwa dirisha. Mwongeli alishika kalamu na hakuandika mara moja. Kwa miezi saba alikuwa akitafuta dai lililo dogo kiasi cha kutekelezwa na kubwa kiasi cha kubadili jambo. Aliandika: Pia tunaomba vibali vitolewe dirishani. Safari hii hakuongeza neno lake hata moja.

Mukai aliipeleka barua mwenyewe, akawaambia wamngoje. Alirudi baada ya nusu saa na nakala iliyopigwa muhuri, akampa Mwongeli aisome. Kila kitu kilikuwa pale pale. Mstari wa dirisha tu ndio ulikuwa umekatwa, kwa rula na wino mwekundu, mara mbili, na kando yake naibu chifu alikuwa ameweka sahihi ndogo.

"Amesema hiyo ni maneno ingine," Mukai alisema.

"Lakini meza?"

"Meza zinarudi kesho."

Wanawake walishukuru Mungu kwa sauti za chini, wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kutafuta nyanya na sukuma za kesho. Yule mwenye leso alipita mbele ya Mwongeli na kumshika mkono kama mtu anavyomshika aliyefiwa, kisha akaenda.

Nyumba ya Seline ilikuwa chini kabisa, karibu na mashamba ya kando ya bwawa, lile waliloliita dam. Mwongeli alienda peke yake. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Seline alikuwa amepiga magoti sakafuni akikunja nguo za watoto na kuzitia kwenye gunia la nailoni. Jicho lake moja lilikuwa limevimba na kuanza kuwa la kijani pembeni. Whitney na kaka yake Marvin walikuwa kitandani, wamevaa sweta za safari na viatu, wakila mkate mkavu. Mumewe, Oyoo, alikaa kwenye kigoda karibu na jiko. Alikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja, mtu mwembamba, mrefu kuliko nyumba yake, na hakuwa ameenda kazini tangu Jumapili.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Kaa hapo kwa kitanda."

Mwongeli alikaa kando ya watoto. Alitarajia kufukuzwa, na alikuwa amejiandaa kwa hilo. Sauti ile ya kuchoka ilimshinda nguvu.

"Mimi sikusoma sana," Oyoo alisema. "Lakini hiyo barua nimesomewa mbele ya wanaume kumi. Imesema baadhi yetu. Baadhi ni wangapi?"

"Si wengi."

"Wawili? Watatu?"

"Bwana Oyoo, hayo mambo siwezi..."

"Sitaki majina ya mabibi za watu. Nataka moja tu. Nimemuuliza huyu, amesema hapana. Nimempiga, amesema hapana. Sasa nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndio uliandika. Huyu yuko kwa hao baadhi?"

Seline hakuinua kichwa. Alikunja gauni dogo la kanisani, akalilaza gunini, akachukua jingine.

Mwezi wa tatu, baada ya mkutano, Seline alibaki nyuma kanisani akasema ana neno. Alilisema akitazama ukuta. Alisema ilikuwa mara moja tu, wakati Marvin alikuwa na nimonia na Oyoo hana kazi, na kwamba hakuna binadamu mwingine aliyeambiwa. Mwongeli alimshika mabega, akamwambia si kosa lake. Wiki kadhaa baadaye, akitafuta maneno ya kuipa barua nguvu, aliikumbuka ile sauti. Hapo ndipo sentensi ilipotoka.

"Hayuko," alisema.

Lakini alikuwa amechelewa kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. Oyoo alikuwa mtu aliyesimama kwenye malango ya viwanda miaka kumi, akiuliza kama kuna kazi leo. Alijua kusoma nyuso za wanaojibu.

"Asante," alisema.

Aliinuka, akachukua koti lake msumarini. Alimwambia Seline kwa Kiluo kitu kifupi, kisha, labda kwa ajili ya mgeni, akarudia kwa Kiswahili. "Naenda kutafuta mtu wa mkokoteni, hizo mizigo zifike stendi mapema." Aliinama kupita mlangoni, akaenda.

Mwongeli alikaa pale. Alisikia machozi yakimjia, akafunika uso kwa viganja ambavyo bado vilinuka wino.

"Usilie hapa," Seline alisema. "Watoto wanaona."

"Ningejibu haraka."

"Hata ungejibu haraka, kesho angeuliza tena." Alivuta mdomo wa gunia na kuukusanya. "Sikujua utaiandika, mwalimu. Nilidhani nimekuambia tu."

Hakusubiri jibu. Alitafuta kamba chini ya kitanda, akaipata, akasema, "Shika hapa," na Mwongeli akashika mdomo wa gunia kwa mikono miwili wakati Seline akifunga fundo.

Basi la kwenda ziwani liliondoka saa moja jioni, na Seline na watoto wake wawili ndani.

Mwongeli alirudi Sarang'ombe Alhamisi, na Jumanne iliyofuata. Wanawake walimsalimu vizuri, Mukai akamwekea nyanya nzuri na kukataa malipo, lakini kanisani hakuja mtu. Septemba alipata kazi ya kufundisha katika shule moja ya upili ya Machakos, akaichukua. Mildred alimwandikia barua nzuri ya kumpendekeza. Mwaka ulikuja kwisha, sheria ya mikutano ikabadilishwa, uchaguzi ukapita. Muli alihamia kwenye meza kubwa zaidi katika chumba kile kile.

Mahali pa Seline kwenye njia ya Silanga palichukuliwa na msichana mgeni, mdogo, aliyekuja na gunia moja la makaa. Mukai alimweleza Mwongeli habari hiyo walipokutana Toi katika likizo ya mwisho wa mwaka. Alisema wao wote walikuwa wamengoja kibali kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi. Huyo alienda asubuhi, akakipata siku hiyo hiyo. Walimwona akitoka kwa Muli nacho mkononi, wakasogeza meza zao ili apate nafasi, na hakuna aliyemuuliza neno.